Chuo Kilicho Jirani na Gereza

Dada yangu ni askari magereza, na nyumbani tunamwita Komeo. Si kwa sababu ya kazi yake tu. Hata kabati la sukari analifunga, kisha anasahau funguo alikoziweka, tunabaki kunywa chai bila sukari huku yeye akiwalaumu watoto. Kazini anakaa lango la wageni, anakagua vitu ambavyo ndugu wanawaletea wafungwa. Ukimwuliza siku ilikwendaje, atakwambia ilikwenda.

Binti yake ni Wakili, jina alilopewa kwa ubishi. Alipofaulu mitihani alitaka shahada ya haki jinai: polisi, mahakama na magereza, vyote kwa pamoja. Vyuo viwili vilimkubali. Kimoja kiko mbali, mwendo wa siku nzima. Kingine kiko jirani na gereza la mama yake, na wanafunzi wake hufanyia mazoezi humo humo gerezani. Alitaka hicho cha jirani. Alitutangazia mezani, uso umemchangamka.

"Hicho hakifai," Komeo akasema, macho kwenye sahani. "Wahadhiri hawaingii darasani. Watu wanakaa miaka na miaka hawamalizi."

"Nani kakwambia?"

"Si niko hapo kila siku? Nawaona."

Wakili hubishana hata na redio, lakini safari hii alinyamaza. Alimwamini mama yake. Akasema basi, kesho atathibitisha nafasi ya kule mbali, akaenda chumbani akiwa mnyonge.

Nilimfuata dada jikoni. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Hayo ya wahadhiri umeyatoa wapi?"

"Kichwani." Akaketi kwenye kigoda. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Roho inanisuta vya kutosha. Sitaki aje anione pale langoni. Mkate tunatakiwa kuukata katikati tu, tuone kama kuna kitu kimefichwa. Mimi nauponda mpaka unakuwa makombo, halafu namsukumia mwenyewe. Wala simtazami usoni. Nikianza kuwatazama, kazi itanishinda."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na hapo zilinipanda. Nikamwambia aibu ni yake, aibebe mwenyewe, asimtwishe mtoto. Alifuta mikono, akaenda kugonga mlango wa bintiye. Nami nikasogea nisikie, umbea haujawahi kunipa haya.

"Mwanangu, nimekudanganya," akasema. "Chuo ni kizuri. Ni mimi tu sikutaka uione kazi yangu."

Wakili alifungua mlango. "Nimeshaiona, Mama."

"Lini?"

"Ile siku uliyosahau simu. Nilikwambia nimemwachia askari wa nje, lakini kwanza nilipanga foleni langoni kwako. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja, kaja na mkate. Zamu yangu ilipokaribia nikaondoka."

Dada yangu sijawahi kumwona akilia, hata msibani. Alishika ukingo wa mlango, machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

"Na bado unataka kuja kusoma pale?"

"Ndiyo maana nataka." Sauti ya Wakili haikuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yake. "Yule bibi alikusalimia mara mbili, Mama."