Pembe za Mninga

Mninga ukipigwa randa hutoa harufu isiyofanana na ya mti mwingine: kavu, tamu kidogo, yenye kubaki kooni. Utoto wangu wote ulinuka hivyo. Karakana ya baba ilikuwa barazani mwa nyumba yetu pale Mtendeni, Tabora, nami nikirudi shule nilifagia maranda na kuyajaza guniani kwa ajili ya jiko la mama. Baba alitengeneza vitanda, makabati na milango. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila kilichotoka mikononi mwake alikitia mikato mitatu midogo mahali ambapo mnunuzi hangeangalia.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tano, Bwana Mhando, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, alimwagiza kitu ambacho hakijawahi kuagizwa kwetu: pembe mbili za ndovu za mti, ndefu kama mimi, zipakwe rangi ya maziwa. Alitaka kuwaonyesha watalii walioshuka treni jinsi misafara ya zamani ilivyopita mji wetu kwenda pwani. Baba aliifurahia kazi ile kuliko nilivyowahi kumwona. Babu yake alikuwa mpagazi, na kwetu ilisimuliwa kwamba bega lake la kulia lilikuwa na sugu kubwa kama ngumi kwa kubeba pembe hadi Bagamoyo. Wiki mbili baba alichonga, akapiga msasa, akapaka rangi, akizigeuza pembe zile juani kama mtu anayemwogesha mtoto. Alipokuja kuzichukua, Bwana Mhando aliomba na mpini imara wa kulabu, akasema ni ya kushushia matawi ya malisho. Baba akauchonga siku hiyohiyo, na huo nao akautia alama yake.

Malisho yalikuwa ya tembo. Warina asali wa kijiji cha Ipole walikuwa wamemkuta porini akiwa ndama, amesimama kando ya mama yake aliyekufa, na kwa njia ambayo hakuna aliyetueleza vizuri akaishia uani kwa Bwana Mhando. Mwenyewe alisema ana kibali; sikusikia mtu aliyeomba kukisoma. Sisi watoto tulimwita Mhuli, jina la tembo kwa Kinyamwezi. Kimo chake kilikuwa kimefika begani kwa mtu mzima, na nywele za utosini zilimsimama kama nyasi zilizoungua. Kila Jumamosi alasiri tulijipanga nyuma ya ua wa minyaa kuchungulia. Watu sita waliovaa kaniki walitangulia wakiimba, kisha akaja Mhuli, pembe za baba zimefungwa mgongoni mwake kwa kamba. Alizunguka uwanja, akapiga magoti mbele ya wageni, akawavua kofia kwa mkonga na kujivika mwenyewe. Watalii walicheka hadi machozi, nasi nyuma ya minyaa tukacheka pamoja nao. Macho hayana pazia, na sisi tulikuwa hatujawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Ijumaa moja baba alinituma nipeleke kopo la rangi, kwa kuwa pembe moja ilikuwa imechubuka. Mbele ya nyumba hapakuwa na mtu, nikazunguka nyuma. Kabla sijaona kitu nilisikia sauti. Nilidhani ni bati linaloburutwa juu ya mawe. Bandani, Mhuli alikuwa amefungwa mnyororo miguu ya mbele na ya nyuma, na mwalimu wake, mwanamume wa makamo ambaye Jumamosi alivaa koti jekundu na kutupungia mkono, alikuwa ameingiza kulabu nyuma ya sikio lake na kuivuta chini kwa uzito wa mwili wake wote. Tembo alipiga goti. Akaachiwa, akainuka, akavutwa tena. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye taya, mbichi juu ya ile iliyokauka. Yule bwana hakuwa amekasirika hata kidogo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayechota maji kisimani. Aliponiona alitabasamu, akaniuliza hali ya baba, na kuniambia niweke kopo pale chini. Nikatoa shikamoo yangu, ndiyo, nilimwamkia, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa; na alipojibu marahaba, mkono wake ukabaki umeshika mpini, nikaiona mikato mitatu.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka kwamba baba alikuwa akinyoosha mbao, na nilipomaliza kumweleza aliendelea kupiga randa mara mbili au tatu, kisha akaacha. Aliniuliza jambo moja tu, kama nina hakika ulikuwa mpini wetu. Nikamwambia nina hakika. Usione ng'ombe akaenda njia, wazee husema, kuna amchungaye. Siku ile nilielewa kwamba hata kucheza kwa Mhuli kulikuwa na amchezeshaye, na kwamba baba yangu alikuwa amemkabidhi kifaa.

Kesho yake baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kwenye maonyesho, akakaa kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa mahali pangu kwenye minyaa. Mhuli alipopiga magoti, baba aliinuka, akaingia uwanjani, akaanza kufungua kamba za pembe. Waimbaji wakanyamaza. Bwana Mhando akamfuata haraka, tabasamu bado limemganda usoni kwa ajili ya wageni.

"Fundi, unafanya nini?"

"Naondoa kazi yangu," baba alisema. "Babu yangu alibeba pembe, Bwana Mhando, lakini hakumbebesha tembo mwenyewe. Na mpini wangu naomba."

Mpini hakupewa. Aliondoka na pembe zake, moja kila bega, akipita katikati ya viti. Hapo mama mmoja wa kizungu akaanza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya mchezo, na wenzake wote wakamfuata. Baba alitoka uwanjani akishangiliwa. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukiumia namna ile.

Baada ya hapo nyumba ya wageni haikumwagizia hata kigoda, na wengine waliomtegemea Bwana Mhando wakamkwepa. Tulikula mlenda mpaka mvua zilipoanza. Jumamosi iliyofuata maonyesho yalifanyika kama kawaida, kwa pembe mpya kutoka kwa seremala mwingine wa mjini. Miezi michache baadaye Mhuli alipakiwa kwenye lori na kupelekwa Dar es Salaam, ambako watalii, tuliambiwa, ni wengi zaidi. Habari yake haikutufikia tena. Baba alikufa bila kuijua.

Sasa mimi ni mama wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita alinionyesha kwenye simu tembo wa jiji moja la mbali, amechorwa maua usoni, amesimama kwa miguu miwili, na watu mgongoni. Mamia walikuwa wameandika kwamba anapendeza. Zamani mtu angeweza kujitetea kwamba hakufika nyuma ya banda. Siku hizi banda lote limo kwenye simu, anayetaka kuona anaona kwa kidole, na bado tunapita. Nikamsimulia mwanangu habari ya Mhuli. Alisikiliza, akaizima simu.

"Na wewe mama, babu alipoondoka na pembe, wewe ulifanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye ua wa minyaa pamoja na wenzangu, nikijua yote niliyoyajua, na Mhuli alipojivika kofia ya mgeni, nilicheka.