Kona Iliyojikunja

Guylain alipigwa risasi ya mguu na watu waliovaa beji alizotarizi mke wake mwenyewe.

Ndiyo, umesoma sawasawa.

Miaka ile ya vita, Masisi kulikuwa na mashine moja tu ya kutarizi. Ilikaa mezani kwa Kahambu, ikila betri ya sola. Mumewe, Guylain, alikuwa motard, dereva wa pikipiki ya abiria, kwenye barabara ya Walikale.

Akaja papa mmoja, mzee mwenye kofia ya ngozi. Anataka beji za begani, mfano wa zile za jeshi. Eti za walinzi wa shamba la ng'ombe.

Za kwanza alizitupa mezani.

"Mama, hizi zimejikunja. Mimi nataka safi, sawa za kweli."

Maneno hayo yalimchoma Kahambu. Akahangaika mpaka akapata dawa: chini ya kitambaa aliweka kipande cha gunia la mchele, akakaza vyote kwenye fremu, ukingo akaushona mwisho. Zikatoka bapa, hakuna uzi unaoning'inia. Papa Kofia alicheka meno yote nje. Tusidanganyane, Kahambu naye alivimba kichwa.

Haikupita muda, Guylain akaletwa amebebwa. Pikipiki imekwenda na majambazi.

"Uliona barrière imefunga njia, juu ya nini hukukimbia?"

"Beji ilikuwa safi, Kahambu. Ya bandits inakuwaka ya kujikunja, bamotard bote tunajua. Nilizani njo bajeshi ba kweli."

Akafungua kiganja. Humo mlikuwa na beji aliyoing'oa wakati wa purukushani. Kahambu akaigeuza, akaona gunia la mchele.

Alikuwa amechoka na vita, sasa akajichoka mwenyewe.

"Iko yangu," akasema. "Na atarudi. Nikikataa, ataniua."

Guylain akaichukua ile beji, akaikunja kona moja kwa kidole.

"Basi usikatae."

Papa Kofia alirudi kweli, akataka nyingine.

"Leta na zile nilizokupa, Papa," Kahambu akamwambia. "Rangi yake itachuja na mvua. Nitakupa mupya zote."

Akazileta, akapewa mpya. Safi kabisa, isipokuwa kona moja ya chini ambako Kahambu hakuweka gunia. Ilijikunja kidogo tu. Papa Kofia hakuiona.

Motard waliiona. Guylain alikuwa amewanong'oneza wote: ukiona kona ile, geuza piki.

Leo wako Kirotshe, Guylain anachechemea, Kahambu anatarizia kwaya ya parokia. Ndugu yangu, kazi ikitoka safi usifurahie mkono wako tu. Uliza kwanza inakwenda kwenye bega la nani.