Ramazani Aliyemzaa Mama Yake

Leo nacheka, lakini siku ile niliamini nimeua kompyuta pekee ya kuandikishia waliokimbilia Rumonge kwa vita. Humo kila mtu alikuwa na mstari wake, wenye namba ya mzazi wake.

Zuhura alisema baba yake ni Ramazani. Nikamkuta Ramazani tayari yumo, nikawaunganisha bila kuuliza. Shefu, mkubwa wangu wa kazi, akaomba kuona ukoo wao. Kompyuta ikaanza: Zuhura, Ramazani, Zuhura, Ramazani, bila kukoma.

“Mama, Ramazani iko wapi?” shefu aliuliza.

“Baba iko njiani, anatoka Minago. Huyu nilimupa tu jina lake.”

Zuhura akageuka. Mgongoni mtoto Ramazani alikuwa amelala, kidole mdomoni.

Nikafuta namba ya Ramazani kwenye mstari wa Zuhura, kompyuta ikatulia, nikapumua.

“Wee bwana,” shefu akasema, “umefanya mutoto amuzae mama yake!”