Muhuri wa Mufulira

"Mama Tabita, barua umeshaisoma, sasa hilo ganda unalitunza la nini?"

Aliyeuliza ni Priska, jirani yake Nesta Namfukwe, mkono kiunoni, siku alipomkuta mwenzake ameinamia bahasha tupu kama mtu anayechambua mchele. Nesta hakuudhika. Hakuwa mtu wa kuudhika upesi.

"Barua inaniambia alichotaka kusema Osea," alijibu. "Ganda linaniambia ilikopita."

"Haya, Mama Maganda!" Priska akacheka, na jina likamng'ang'ania. Kijiji chote, kule juu ya Tunduma kwenye njia ya kwenda Ndalambo, kikamwita hivyo, watoto kwa wazee, naye akaitika kama amebatizwa nalo.

Osea Simukonda, mume wake, alivuka mpaka mwaka 1938 kwenda kuchimba shaba Luanshya, Rodeshia ya Kaskazini. Alimwacha Nesta na mtoto mmoja, Tabita, na shamba la ulezi. Wanaume wengi walikwenda hivyo. Wengine waliandika, wengine walisahau. Osea aliandika, Mungu ambariki, ila barua zake zilikuwa fupi kama amri, maana yeye hakujua kalamu na mwandishi wa pale kambini alikuwa mtu wa haraka. "Mimi mzima. Nawasalimu wote. Msisahau kukarabati ghala." Basi.

Ndiyo maana Nesta akageukia bahasha. Kusoma alikuwa amejifunza shule ya misheni, na kupenda stempu kulimwingia akiwa bado binti, alipookota moja ya zamani kidogo yenye kichwa cha twiga. Siku zile Tanganyika ilikuwa na stempu ya twiga, shingo yake ndefu ikijaa karatasi. Baadaye twiga akaondolewa, akaja Mfalme na ndevu zake. Baadaye tena zikaja stempu moja kwa nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye korongo wa ushungi na milima. Nesta aliona yote hayo yakipita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Na barua ya kwanza ya Osea ilipofika kutoka Luanshya, juu yake, chini ya sura ya Mfalme, alisimama twiga pamoja na tembo.

"Jamani, twiga wetu huyu!" alipiga kelele. "Naye kahamia migodini!"

Priska alicheka mpaka akakaa chini.

Watu wengine wakipata barua walibandua stempu kwa mvuke wa chungu, wakawapa watoto wabandike mlangoni. Nesta alikataa katakata. Aliwaeleza kwamba muhuri wa posta una nusu mbili, nusu imekaa juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na ukibandua stempu ni kama umemkata mtu kiunoni. Kwa hiyo alihifadhi bahasha nzima, kila moja kati ya kurasa za daftari kuukuu la mahudhurio ambalo mwalimu alikuwa analitupa. Mbele ya bahasha alisoma siku barua ilipotoka. Nyuma alisoma muhuri wa Mbeya, siku ilipoingia. Jioni, akisali na Tabita, aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na miguu ya watu wanaobeba mifuko ya posta.

Pasaka ya mwaka 1941 ikaja na habari mbaya. Kijana mmoja, Raphaeli, aliyekuwa akirudi kwao Ivuna kutoka migodini, alipita Tunduma akaacha salamu kwa mfanyabiashara wa chumvi. Mfanyabiashara akampa mwingine, mwingine akampa mwingine, na zilipofika nyumbani kwa Mzee Kasiani, baba yake Osea, zilikuwa maneno matatu tu: Osea amekwisha, Luanshya.

Kilio kikapigwa. Mzee Kasiani akanyoa nywele. Tangu Krismasi hakukuwa na barua, kwa hiyo nani angebisha? Nesta alilia kama wenzake, lakini alikataa kuvaa kitambaa cha ujane. Alisema atangoja. Wakamwacha, wakisema ni uchungu.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukaanza kusema kwamba mjane hakai hivi hivi. Timotheo, mdogo wake Osea, amchukue. Nesta akasema yeye ameunganishwa kanisani na mume mmoja, na kama mume huyo yuko hai, huko kuchukuliwa ni uzinzi mbele za Mungu. Wakamwambia: kama yuko hai, thibitisha. Siku ikapangwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba.

Jumanne ya wiki hiyohiyo, barua ikafika misheni. "Mimi mzima. Nawasalimu wote." Tarehe ndani hakuna.

Jumamosi watu wakajaa uani kwa Mzee Kasiani. Kwa desturi ya pale mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye moja kwa moja, wala hampi kitu mkononi. Nesta akakaa kando ya ghala, mgongo kwa wazee, na wifi yake Leah akakaa katikati ili awe mdomo wake.

Mzee mmoja wa ukoo akaanza. "Barua ya marehemu yaweza kufika baada ya mwenyewe. Tena kuna vita, kila kitu kinachelewa. Nani ajuaye aliiandika lini?"

"Wifi, mwambie baba atazame bahasha," Nesta akasema.

"Baba, unaambiwa utazame bahasha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," Mzee Kasiani akasema, na watu wakacheka kidogo.

Leah akaweka bahasha mkekani mbele yake. Mzee akaiinua kwenye mwanga. Zamani alikuwa tarishi, na mihuri aliijua. Akasoma polepole jina la mji mwingine wa migodi, kisha tarehe: "Mufulira. Kumi na saba. Arobaini na moja." Kisha akaisogeza karibu na macho. Jina la mwezi lilikuwa limelowa. Ilionekana J, halafu doa la wino, halafu N.

"Januari," akasema yule mzee wa ukoo, akichungulia begani kwake. "Mwezi wa kwanza. Kabla ya Pasaka. Basi, imekwisha."

Timotheo, ambaye mkewe hakuwa amempikia tangu Jumatano, alitazama chini.

Nesta alishika ukingo wa kitenge chake. "Wifi, mwambie baba kwamba muhuri huandika mwezi kwa herufi tatu tu za Kizungu, na JUN ya Juni nayo huanza na J ikaishia na N, sawa na JAN. Na ageuze nyuma."

Mzee akageuza. Muhuri wa Mbeya ulikuwa safi: tarehe ishirini na nane, Juni.

"Si imekaa njiani hiyo," wakasema. "Imetoka Januari, imefika Juni. Vita!"

Hapo Nesta akamkabidhi Leah daftari lote. Leah akazipanga bahasha mkekani moja moja, kumi na nne, twiga kumi na wanne kwa safu. Hata Priska, aliyekuja kwa udaku, alinyoosha shingo.

"Mwambie baba asome mbele na nyuma, kila moja. Hii ilitembea siku kumi. Ile siku kumi na moja. Ile ya masika siku kumi na tatu. Hakuna iliyozidi hapo, hata zile za mwaka jana, na vita vilikuwepo. Hii moja peke yake ndiyo ilale njiani miezi mitano? Mwambie baba, yeye aliyebeba mfuko kati ya Mbozi na Tunduma miaka saba. Mfuko wake ulilala miezi mitano lini?"

Leah hakuhitaji kurudia. Mzee Kasiani alikuwa ameshasimama.

"Miaka saba!" alisema. "Mto ukifurika, mfuko ulikuwa kichwani na nguo tumeziacha ng'ambo. Simba wakiwa njiani, tuliwasha mienge tukapita. Sasa ni nani hapa anayesema posta inalala?"

Mzee akazipitia bahasha zote kumi na nne kwa kidole, midomo ikihesabu. Kisha akairudia ile ya Mufulira, akahesabu tena: kutoka kumi na saba mpaka ishirini na nane, siku kumi na moja. Akakaa chini, na macho yakamlowa.

"Leah," akasema, "mwambie mkwe wangu kwamba mwanangu alikuwa hai mwezi wa sita. Na mwambie Timotheo aende akale kwake."

Mke wa Timotheo ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Nesta aliandika barua kwenda Mufulira siku hiyohiyo. Mwezi wa nane jibu likaja, refu kuliko yote, maana safari hii mwandishi alilazimishwa kukaa. Osea alishangaa kusikia amezikwa. Mkataba wake Luanshya ulikuwa umekwisha, akahamia Mufulira, na alimtuma Raphaeli aseme hivyo tu: amekwisha na Luanshya. Lile "na" ndilo lililodondoka barabarani, pengine kwenye magunia ya chumvi.

Kijiji kiliendelea kumwita Mama Maganda, ila sasa watu walimletea bahasha zao awasomee mihuri, na hakumfukuza hata mmoja. Jibu lake kwa Osea alilijaza habari za ulezi, za Tabita, za baba yake aliyeanza kuota nywele tena. Hakumlaumu kwa neno. Mwishoni, chini ya salamu, aliandika ombi moja:

"Osea mume wangu, ukiandika tena, naomba uweke tarehe ndani ya barua."