Kiingereza cha Wafu

Tangu juzi ninapita njia za nyuma hapa Kasongo, maana sina uso wa kuonyesha watu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, lugha niliyoisoma vitabuni tu, bila kukutana hata na mtu mmoja anayeisema. Nikaisoma kama tunavyosoma Kiswahili: kila herufi iliyoandikwa inatamkwa. Mwanafunzi akiruka moja, ninamwita mvivu.

Juzi prefe, mkuu wetu wa shule, alileta darasani mgeni, mama anayefundisha Kiingereza Nairobi. Alikuwa amekuja kumwona mume wake, mnunuzi wa dhahabu kule Salamabila. Nikampa zawadi ya kisu kilichofuliwa hapa kwetu, na mbele ya wote nikakitaja kwa Kiingereza: “Kinife.”

Mama akakitazama kisu, kisha akanitazama mimi.

“Mwalimu, hiyo K ya mwanzo babu za Waingereza waliitamka kweli,” akasema polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. “Ulimi wao uliiacha zamani, mkono ukaendelea kuiandika. Unasema Kiingereza cha wafu.”

Prefe akajaribu kunifunikia aibu.

“Ni neno moja tu, mama. Watoto wetu wanajua muzuri.” Akawageukia, akionyesha kisu. “Mumuambie mama, hii iko nini?”

Nilitamani Lualaba ifurike itubebe sote. Darasa zima likasimama, vifua mbele, likaitamka ile K kwa nguvu kuliko mimi.