Bangili Imezidi

Niliishi nyumba moja na Nibaran Kar tangu nilipoletwa bibi harusi mpaka siku alipobebwa kwenda kuchomwa, na muda wote huo sikumsemesha hata neno moja. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Kwetu sisi Wahindu mke wa mdogo hasemi na shemeji mkubwa, na akipita mbele yake huvuta upindo wa sari akafunika uso. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa viatu vyake mlangoni, na kwa harufu ya konokono wanaochemka. Nadhani nilimjua vizuri kuliko wale waliokuwa wakijaa kibarazani kunywa chai yake.

Alikuwa mpima mashamba wa serikali ya Mwingereza, hapa mjini Netrokona na vijiji vyake. Alishinda kwenye matope ya mpunga akiburuta mnyororo wa kupimia, huku wenye mashamba wakitukanana kwa ajili ya tuta lisilozidi upana wa mkeka, na akishamaliza kuwaamua, pande zote mbili zilimchukia. Alirudi ruba wamemganda miguuni. "Nimechoka," alisema akivua viatu, na hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Sikuwahi kumsikia akiingia kwa neno jingine.

Konokono walitokana na kazi hiyohiyo. Mtu anayetazama chini kutwa lazima ataona kilichopo chini. Alianza kuwaokota, akawachemsha kutoa nyama, akaosha magamba na kuyapanga kwenye makopo ya tumbaku yaliyojaa mpaka chini ya kitanda. Mama mkwe wetu hakutaka sufuria ya konokono ikaribie jiko lake, kwa hiyo mtumishi huyu wa serikali, mwenye koti na mwavuli, alichuchumaa nyuma ya zizi la ng'ombe akipuliza kuni mbichi. Mji mzima ulimwita Bwana Konokono. Mzee mmoja mfuga bata alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya bwawa:

"Bwana Nibaran, ukishamaliza kuwasoma, walete huku. Bata wangu nao wanataka elimu."

Yeye alicheka na watu hao. Waliogombana kwelikweli ni yeye na mkewe, Khiroda, ambaye mimi nilimwita Dada, na ugomvi wao haukuwa wa konokono. Ulikuwa wa maneno.

Kwetu mwanamke mwenye nyumba hasemi mchele umekwisha. Neno kama hilo ukilitamka ndani linaweza kuzoea kukaa. Husema mchele umezidi, na kila mtu anaelewa kwamba mtungini limebaki vumbi. Ni hivyohivyo kwa bangili nyeupe za kombe la bahari, ambazo mke huvalishwa arusini na kuzivaa maadamu mumewe yu hai. Ikipasuka, hasemi imevunjika. Husema imezidi. Kuvunja ni kwa wajane: mume akifa ndipo bangili huvunjwa, na ikipasuka yenyewe ni ishara mbaya kwake.

Shemeji, ambaye kutwa aliandika kwamba gamba hili lina ufa na lile limemeguka ukingo, hakulivumilia neno hilo. Niliwasikia kupitia ukuta wa mianzi karibu kila mwisho wa mwezi.

"Mchele umezidi," Dada angesema.

"Ahaa. Basi wagawie majirani."

"Cheka tu. Jioni utatafuna makombe yako."

"Sema umekwisha, Khiroda. Neno halimuui mtu."

"Hujui wewe linaua nini."

Nami nikiwa upande wa pili, nakata mboga, nacheka ndani ya upindo wangu.

Sasa nieleze haja ya shemeji. Konokono karibu wote huzunguka upande mmoja: ukisimamisha gamba, ncha juu, mdomo unakuwa kulia. Zamani, chini ya milima ya Garo, shemeji aliokota gamba dogo la rangi ya chai ya maziwa, na mdomo wake ulikuwa kushoto. Lilikuwa tupu na bovu. Wasomi wa Kolkata walimjibu kwamba gamba moja bovu si kitu, huenda ni kilema tu cha aina inayojulikana. Alete aliye hai, ndipo wamsikilize. Tangu hapo alitaka jambo moja tu duniani, kumshika konokono huyo akiwa hai. Dada naye alitaka moja tu, kumfikisha mumewe kwenye kustaafu akiwa hai. Homa za vijijini zilikuwa zimemvimbisha bandama, na tabibu alishamwambia huko milimani asikanyage tena.

Mwaka wa mwisho wa kazi, mvua za masika zilipokolea, wakati wapimaji wenzake wote walikuwa wamelala majumbani, aliomba likizo yake akakodi mtumbwi. Konokono hutoka wakati wa mvua. Hilo hata bata wanalijua. Dada hakulia. Alimfungia bisi za mchele, sukari guru na chupa ya kwinini, dawa ya homa.

"Naenda," shemeji alisema mlangoni.

"Sema naja. Anayesema naenda harudi."

"Naenda, Khiroda. Nikija nitasema naja." Akakohoa, akashuka kwenye mtumbwi wa Asiruddin.

Huyu Asiruddin ndiye aliyekuwa akipandisha mafuta ya taa na unga mpaka kambini kwake na kutuletea habari zake. Alikuwa Mwislamu wa kule chini ya milima, mtu mwema, mdomo wake hautulii. Habari aliyopewa konzi moja aliifikisha gunia.

Mvua haikukata. Asubuhi moja Dada alikuwa akisugua chungu bwawani, mkono ukagonga jiwe la ngazi, na bangili ya kushoto ikapasuka vipande viwili. Aliviokota, akaviosha, akavitia kwenye mafundo ya sari. Alipoingia jikoni alikuwa amefunga uzi mwekundu pale ilipokuwa bangili, kwa sababu muuza bangili hapiti masika. Aliniambia, "Imezidi," akakaa chini. Sikuwahi kumwona amekaa chini asubuhi.

Asiruddin alikuja kuchukua mchele. Dada alisimama nyuma ya mlango, akampa ujumbe: "Mwambie Bwana kwamba bangili yangu imezidi."

"Hivyo tu, Mama?"

"Hivyo tu. Ataelewa."

Na angeelewa. Mume yeyote wa kwetu angelisikia neno hilo angeacha sahani yake ya wali akapanda mtumbwi, hata Nibaran pamoja na kejeli zake. Lakini wake za kina Asiruddin huvaa bangili za kioo, na zikivunjika wanasema zimevunjika, wananunua nyingine. Kwake yeye kilichozidi kimezidi.

Aliporudi alikuwa amefurahi kama aliyeleta posa.

"Bwana amepokea habari, Mama. Amefurahi sana. Anasema uzivae zote, akirudi azione."

"Ulimwambiaje?" Dada akauliza nyuma ya mlango.

"Kama ulivyoniagiza. Nikamwambia, Mama amepata bangili mpya, mikono imejaa, nyumba haina shida, wewe tafuta mdudu wako kwa raha zako. Maana nilimkuta na homa, Mama, nikaona nimchangamshe."

Nilimvuta Dada kando. "Dada, mwambie sasa hivi imevunjika. Aende aseme hivyo hivyo, asiongeze kitu."

Aliziba masikio. "Mume wangu yuko msituni ana homa, nami nilitaje neno hilo kwa kinywa changu? Usinitake hilo." Kisha akamwambia Asiruddin, "Mwambie aje nyumbani." Asiruddin akageuza mtumbwi bila hata kunywa maji. Mimi nilikasirika siku ile, nikawakasirikia wote watatu. Nilichoka na watu wanaopendana halafu kati yao wanaweka neno bovu na mpiga kasia.

Asiruddin alimrudisha shemeji amelala chini ya paa la mtumbwi, amejifunika blanketi, kifuani ameshika kopo la tumbaku lililotobolewa matundu. Walimlaza ukumbini. Nilikuwa nyuma ya pazia, maji ya moto mkononi. Alifungua kopo. Ndani, kwenye majani mabichi, mdudu mdogo wa rangi ya chai ya maziwa alikuwa akitoa pembe zake.

"Tazama mdomo," alimwambia mkewe. "Kushoto."

Dada alinyoosha mkono kulipokea kopo, ndipo shemeji akaona uzi.

"Bangili iko wapi?"

"Imezidi."

"Asiruddin alisema umenunua mpya."

"Ningenunua kwa nani, na mvua hii?"

"Ungesema imevunjika," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ningekuja. Nilikuwa sijampata bado, lakini ningekuja."

Nami maji yalipoa mkononi.

Wasomi wa Kolkata walitaka mdudu huyo atiwe kwenye spiriti na kupelekwa. Spiriti ilikuwapo kabatini. Shemeji hakuiulizia. Kopo lilikaa dirishani, na kila asubuhi Dada alibadilisha jani kama anayelisha mtoto wa jirani. Tabibu alikuja, akaminya bandama, akatoka bila kututazama. Homa ilikuwa ikishuka na kupanda, naye akawa anazungumza na wagombea mipaka ya mashamba, akiwasihi wasipigane, akiwaambia amechoka.

Alasiri moja alikuwa na akili zake. Dada alishika chupa ya dawa akaiinamisha kwenye kijiko, na halikutoka hata tone. Nilimwona amesimama nayo, hajui aseme nini. Shemeji alimwangalia kutoka kitandani.

"Khiroda," alisema taratibu, "kwinini imezidi."

Maisha yake yote hakuwahi kulitamka neno hilo bila kucheka. Dada alitoka na chupa yake mpaka jikoni, akalia huko, na mimi nikalia naye. Shemeji alikufa kabla mume wangu hajarudi kutoka duka la dawa.

Asiruddin alikuja akasimama uani, kofia mkononi. Dada alimpelekea kopo yeye mwenyewe. "Mrudishe kwao," alimwambia. "Pale pale alipotolewa." Asiruddin akaitikia kwa kichwa. Safari hiyo hakuongeza neno.

Kisha wanawake walimpeleka Dada ngazini bwawani. Walimfuta utosini rangi nyekundu ya mke mwenye mume. Shangazi wa shemeji, aliyekuwa amewafanyia hivyo wengi, alilaza mkono wa kulia wa Dada juu ya jiwe, penye bangili iliyobaki, akainua tofali. Aligonga mara moja tu. Watu wote waliinamisha vichwa.

"Semeni ilivyo," Dada alisema. "Maisha yake yote aliomba nilitaje neno lake, nikamnyima. Sasa limebaki la kuogopea nini?"

Shangazi alitazama maji. Dada mwenyewe alijaribu, neno halikutoka. Mimi, ambaye sikuwahi kumsemesha mtu yule tangu nilipoingia nyumbani kwake, nikavuta upindo nikafunua uso, nikaelekea upande alikobebwa marehemu.

"Imevunjika, shemeji," nikasema.