Tarehe za Nairobi au za Bujumbura: nilivyobadilisha uzi wa tamthilia na kilichonipata

Jumapili, tarehe 16 Novemba. Mvua ilianza watu wakiwa bado kanisani na haijakatika. Huku Carama, Bujumbura, njia yetu imekuwa tope tupu, hakuna aliyepita kutusalimia.

Habari za jioni wakuu. Shule mimi niliishia njiani, mtanivumilia. Ila haya sijayaongezea chumvi, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Baadhi yenu mnanijua kwa ule uzi wa tarehe za tamthilia ya familia yenye karakana. Kila Jumapili mchana naweka namba ya episode ya jioni na tarehe yake. Ikiisha naongeza mistari miwili ya yaliyotokea.

Sikuombwa na mtu. Nilianza mume wangu alipopata kazi Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na binti yangu Divine alipoenda shule ya bweni Gitega. Nyumbani tukabaki mimi na mama mkwe, na yeye runinga inamuumiza macho.

Kabla ya hapo nilikuwa naangalia na Josiane, jirani wa mlango kwa mlango. Alikuwa anakuja na kiti chake mwenyewe, eti vyangu vinamvunja mgongo. Halafu mume wake akahamishiwa Nairobi, wakaenda wote. Kiti akaniachia.

Tukajiwekea utaratibu. Episode ikiisha tu, ananipigia, tunaizungumza yote. Umeme ukikatika, na huku unakatika kweli, nambipu, ananisimulia nilichokosa.

Niliwahi kumuuliza kama kwao inaonyeshwa siku moja na kwetu. Akasema, "Ni moja tu, Mama Divine." Sikuuliza tena.

Sasa, mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa Nakuru akaandika kwenye uzi kwamba tarehe zangu zinapotosha. Tamthilia ni ya Nairobi, inaonyeshwa kule wiki kadhaa kabla ya kufika kwenye stesheni yetu. Hakunitukana, niseme ukweli. Alisema tu, "Dada, mtoto anaandikiwa siku aliyozaliwa, sio siku shangazi alipomuona."

Wa Mwanza naye akataka tarehe za Tanzania, kwa sababu wasomaji wengi wako huko. Naye hakukosea.

Mimi niliandika za Bujumbura kwa sababu moja. Ndizo nilizoziona kwa macho yangu. Naogopa kuandika kitu nisichokiona.

Nikafikiri siku kadhaa. Za Tanzania zinafaa wengi, za Bujumbura zinanifaa mimi, lakini za Nairobi ndizo mtu wa popote anaweza kuzihakikisha. Na zangu nilizipenda kwa sababu ni zangu tu, hiyo si haki.

Kwa hiyo Jumapili moja mchana nikabadilisha uzi wote. Wa Nakuru akanitumia namba na tarehe mpaka pale Nairobi ilipofika. Mistari ya yaliyotokea nikaiacha wazi kwa zile ambazo sijaziona.

Jioni hiyo nikaangalia yetu kama kawaida. Ilikuwa ya kuchekesha, yule mzee wa karakana anamtania mkwewe asiyejua kushika spana.

Ikaisha. Josiane akapiga.

"Mama Divine, pole. Umelia? Mi nililia mpaka watu ya nyumba wakanicheka. Kumuzika muzee na viatu vyake vya kazi, kweli?"

Nikamuuliza, "Muzee gani?"

Akaniuliza yeye:

"We uko kwa ya ngapi?"

Nikamtajia namba.

"Aa. Umebadirisha tarehe."

Hapo ndipo nikaelewa. Kila Jumapili, kabla ya kunipigia, alikuwa anafungua uzi wangu aone mstari wa mwisho, ajue Bujumbura tumefika wapi. Yeye alikuwa ameshaona zamani. Jioni ile akakuta namba ya mwisho ni ya episode ya mazishi, akadhani nasi tumezika.

Nikakumbuka zile siku za umeme. Alikuwa anasimulia vizuri mno, bila kurukaruka. Mtu anayeangalia papo hapo hasimulii hivyo.

Sitaficha, niliumia. Nikamwambia, "Kumbe nilikuwa naangalia peke yangu."

"Apana," akasema. "Ile ya kwanza ndiyo naangaliaka peke yangu. Hapa kila mutu na simu yake, nikisema kitu hakuna anayegeuka. Basi nangojea yako. Kucheka nacheka na weye."

"Na ulisema ni moja tu."

"Ningesema tunaachana wiki zote hizo, ungekubali nikungojee?"

Sijui. Labda ningemwambia asijisumbue. Mimi ni mtu wa kuona nawasumbua watu. Kwa upande wake hakudanganya kwa ubaya, na kwa upande wangu sikukosea kuumia. Nimejaribu kupima, mizani haitulii.

Jumapili zilizofuata alipiga, lakini kila mmoja anachagua maneno. Kicheko chake nikawa nakisikiliza kama mtu anayekagua noti.

Nilichojifunza, kama kweli nimejifunza: tarehe ya kwanza ni ya tamthilia, na ibaki ya Nairobi. Nyumba nayo ina tarehe yake, na hiyo nayo ni ya kweli. Leo mchana nimeongeza chini ya mstari wa episode tuliyofika sisi maneno haya: Bujumbura, jioni hii. Kama naonekana najipendelea, wa Nakuru na wa Mwanza semeni, nitayafuta. Na wengine, mnaoangalia na mtu aliye mbali mnafanyaje? Comment, nitasoma zote.

Maana leo ndiyo ilikuwa zamu yetu ya mazishi. Ilipoanza tu, umeme ukakatika. Nikakaa gizani na kile kiti cha Josiane, nisijue kama nimbipu au niache.

Akapiga yeye.

"Huko kunanyesha, najua mumekatiwa," akasema. "Nianze?"

Nikamwambia aanze, asiharakishe.

Tumekula bugari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, mimi na mama mkwe, kwa mwanga wa tochi, simu ikiongea katikati ya sahani. Josiane alipofika kwenye viatu vya kazi, mama mkwe akaacha kutafuna, akauliza huyo muzee ni wa nani.